Kitambaa au Chombo Kimeachwa Mwilini Baada ya Upasuaji: Mwongozo Kamili wa Kudai Fidia Kenya

Kesi ya kitambaa au koleo lililosahauliwa tumboni ingepaswa kuwa nyepesi kuliko kesi zote za uzembe wa kitabibu. Hakuna daktari atakayesimama mahakamani kudai kwamba kitambaa cha kufyonzea damu mahali pake ni tumboni mwa mama aliyejifungua. Hata hivyo wadai wengi hushindwa, na hushindwa kwa mambo yaleyale matatu: kitu kilichotolewa kimetupwa, faili la hospitali halipatikani, au muda wa kushtaki umepita.

Makosa mengine mengi hurekebishika njiani. Haya matatu kuyarekebisha ni vigumu mno, na mara nyingi haiwezekani. Kwa hiyo hatua zimepangwa ili kuyalinda hayo kwanza, kabla ya kuzungumzia pesa. Sheria zinazotajwa ni za Kenya. Mwishoni kuna sehemu fupi kwa waliofanyiwa upasuaji Tanzania.

Ikiwa mgonjwa ana homa kali, anatapika mfululizo, tumbo limevimba na kuwa gumu, au hapati choo wala hewa kutoka, acha kusoma na umpeleke hospitali sasa hivi. Utumbo ulioziba au usaha uliosambaa tumboni huua kwa muda mfupi. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ushahidi utafuata baadaye.

## Vitu vya kuandaa

- Nakala ya kitambulisho cha mgonjwa, au cheti cha kuzaliwa akiwa mtoto.
- Muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa kwanza.
- Risiti zote: kitanda, upasuaji, dawa, vipimo, nauli za kwenda kliniki.
- Taarifa ya malipo ya M-Pesa au benki kwa siku zote ulizolipia matibabu.
- Picha za eksirei, ultrasaundi au skani ya CT pamoja na ripoti zake zilizoandikwa. Picha bila ripoti haitoshi.
- Daftari moja la kuandika tarehe, dalili, na jina la kila mhudumu uliyezungumza naye.
- Bahasha ngumu au faili la plastiki, na nakala mbili za kila karatasi. Karatasi halisi zisitoke mkononi mwako bila sahihi ya anayezipokea.

Kama ulilipiwa na NHIF (bima ya afya ya taifa ya zamani), na SHA iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024, au na bima binafsi, omba taarifa ya madai yaliyolipwa. Inaonyesha hospitali, tarehe na aina ya upasuaji, na haiko mikononi mwa hospitali unayoilalamikia. Faili likipotea, karatasi hiyo ndiyo inayobaki kuthibitisha kwamba ulipasuliwa pale.

## Hatua ya 1: Hakikisha kitu kipo, na kwamba hakikuachwa makusudi

Dalili za kawaida ni maumivu yasiyoisha mahali palepale, kidonda kinachofunga na kufunguka tena, usaha, uvimbe unaoshikika kwa mkono, homa zinazorudi, au kinyesi kutokea kwenye kidonda. Zinaweza kuanza siku chache baada ya upasuaji, na zinaweza kuchelewa miaka. Kitambaa kikizungukwa na nyama ya kovu hukaa kimya, na wakati mwingine madaktari hukidhania kuwa uvimbe wa saratani.

Anza na eksirei. Vitambaa vinavyotengenezwa kwa ajili ya upasuaji huwa na uzi maalumu unaoonekana kwenye eksirei kama mstari mweupe uliojikunja. Lakini hospitali ikitumia kitambaa kisicho na uzi huo, eksirei haitaonyesha kitu. Eksirei safi haimaanishi tumbo ni safi. Dalili zikiendelea, omba skani ya CT, ambayo huonyesha kitambaa kama donge lenye vipovu vya hewa ndani.

Onyo: kama kuna uwezekano wowote kwamba kilichobaki ni chuma, usiingie kwenye mashine ya MRI kabla ya eksirei. Sumaku ya mashine hiyo inaweza kukivuta au kukipasha moto chuma kikiwa ndani ya mwili.

Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: je, kitu hiki kiliwekwa kwa makusudi? Vibanio vidogo vya mishipa, nyuzi zisizoyeyuka, wavu wa ngiri, vyuma na skrubu za mifupa, na mipira ya kutolea maji huachwa kwa kujua. Hata vitambaa huweza kuachwa makusudi mgonjwa anapovuja damu isiyozuilika. Hupakiwa tumboni, kisha hutolewa siku moja hadi tatu baadaye. Lakini hilo lazima liandikwe kwenye maelezo ya upasuaji, na mgonjwa au familia iambiwe. Kama halikuandikwa, au liliandikwa na hakuna aliyerudi kuvitoa, hapo kuna kesi.

Umefanikiwa ukiwa na ripoti ya mtaalamu wa picha inayotaja "kitu kigeni", mahali kilipo na ukubwa wake, pamoja na tarehe na sahihi.

## Hatua ya 2: Andika tarehe na uhesabu muda leo hii

Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari na uandike tarehe nne: upasuaji wa kwanza, dalili za kwanza, ripoti ya kwanza iliyotaja kitu kigeni, na siku kilipotolewa. Tarehe hizi ndizo zitakazopigwa vita na upande wa pili kuliko kitu kingine chochote.

Hospitali binafsi au ya dini: miaka 3. Sheria ya Ukomo wa Kesi, Sura ya 22, kifungu cha 4(2), inatoa miaka mitatu kwa madai ya aina hii. Kwa usalama, hesabu kuanzia siku ya upasuaji, si siku ulipogundua.

Hospitali ya umma: miezi 12. Sheria ya Ukomo wa Kesi dhidi ya Mamlaka za Umma, Sura ya 39, inatoa mwaka mmoja tu kwa madai dhidi ya Serikali na serikali za mitaa. Mawakili hubishana jinsi inavyozigusa kaunti na hospitali kubwa za rufaa zenye bodi zake. Usifanye kesi yako kuwa uwanja wa mabishano hayo. Kama hospitali ni ya umma, jipe miezi 12.

Je, aliyegundua baada ya muda kupita? Kifungu cha 27 cha Sura ya 22 kinaruhusu mahakama kuongeza muda kwa mtu aliyeumizwa mwilini na hakuwa na njia ya kujua. Ila mlango huo ni mwembamba, na wengi hudhani ni mpana. Tazama mfano wa mtu aliyepasuliwa katika hospitali binafsi tarehe 10 Machi 2021. Miaka yake mitatu iliisha Machi 2024.

Akigundua Juni 2022, hana nyongeza. Amebakiwa na zaidi ya mwaka mmoja ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo afungue kesi kabla ya 10 Machi 2024.

Akigundua tarehe 1 Oktoba 2023, yumo ndani ya mwaka wa mwisho. Anaweza kuomba ruhusa, na kesi ifunguliwe kabla ya mwaka mmoja kutimia tangu siku hiyo.

Akigundua tarehe 5 Juni 2025, miaka mitatu imekwisha. Ana mwaka mmoja tangu kugundua, na lazima aombe ruhusa ya mahakama.

Ombi hilo husikilizwa bila upande wa pili kuwepo, lakini ruhusa unayopewa inaweza kupingwa baadaye kesi ikisikilizwa. Ndiyo maana ripoti ya kwanza ni muhimu sana. Na "kugundua" hakumaanishi siku ulipoamini. Kama ripoti ya Februari ilitaja kitu kigeni, ukaiweka kabatini hadi Agosti bila kuisoma, mahakama inaweza kusema ulipaswa kujua tangu Februari.

Kwa mtoto, muda katika madai ya kawaida huanza kuhesabiwa akifika miaka 18. Kwa hospitali ya umma kinga hiyo ni dhaifu zaidi, kwa hiyo mzazi afungue kesi mapema kwa niaba ya mtoto.

Kosa linaloua kesi nyingi: kuandika malalamiko kwa hospitali, kwa kaunti au kwa baraza la madaktari hakusimamishi saa. Mazungumzo ya fidia nayo hayaisimamishi. "Rudi wiki ijayo, bodi inakaa" inaweza kurudiwa hadi mwezi wa kumi na tatu.

## Hatua ya 3: Omba faili lako kabla hujalalamika

Utaratibu huu si ujanja. Ni kinga. Faili huombwa kwa utulivu likiwa bado ni faili la kawaida la mgonjwa. Likishakuwa faili la kesi, kulipata huwa kugumu.

Andika barua fupi kwa mkurugenzi wa hospitali. Taja jina, namba ya mgonjwa, tarehe ya kulazwa, na uombe nakala kamili, iliyothibitishwa kwa mhuri. Usiandike "faili langu" tu. Orodhesha:

1. Fomu ya idhini ya upasuaji.
2. Maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa na daktari.
3. Karatasi ya usingizi.
4. Karatasi ya kuhesabu vitambaa, sindano na vyombo.
5. Orodha ya usalama wa upasuaji.
6. Ukurasa wa rejista ya chumba cha upasuaji wa siku hiyo.
7. Maelezo ya wauguzi wodini na kadi ya dawa.
8. Muhtasari wa kuruhusiwa na kumbukumbu za kliniki.

Namba 4 hadi 6 ndizo zinazoachwa mara nyingi, kwa sababu huwa hazikai kwenye faili la mgonjwa bali thieta. Usipozitaja, hutazipata.

Tegemea sheria kwa jina. Kwa hospitali yoyote, taja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 26, na kanuni zake za 2021, zinazotaka ombi la kuona data yako lijibiwe ndani ya siku 7 bila malipo. Kwa hospitali ya umma ongeza Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, yenye siku 21. Ukikataliwa, peleka lalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data, au kwa Tume ya Haki ya Utawala kama hospitali ni ya umma.

Peleka nakala mbili za barua. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mhuri wakikataa, tuma kwa baruapepe ya hospitali siku hiyohiyo.

Ukipokea faili, hesabu kurasa mbele ya aliyekupa na uandike idadi. Soma karatasi ya hesabu kwanza. Hesabu inapaswa kufanywa na wauguzi wawili kwa sauti: kabla ya kuanza, kabla ya kufunga kiungo kama mfuko wa uzazi, kabla ya kufunga tumbo, na wakati wa kufunga ngozi. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani inamtaka muuguzi atamke kwamba hesabu imekamilika kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Tafuta nafasi zilizoachwa wazi, sahihi moja badala ya mbili, vitambaa vilivyoongezwa katikati bila kuandikwa, na zamu iliyobadilika upasuaji ukiendelea.

Usivunjike moyo ukikuta pameandikwa "hesabu sahihi". Utafiti wa Atul Gawande na wenzake uliotoka Marekani mwaka 2003, ukiangalia wagonjwa 54 walioachiwa vitu mwilini, ulikuta kwamba pale hesabu ilipofanyika, mara nyingi iliandikwa kuwa sahihi huku kitu kikiwa ndani. Karatasi hiyo haiwezi kukishinda kitambaa chenyewe. Inachothibitisha ni kwamba walihesabu vibaya, au hawakuhesabu wakaandika tu.

## Hatua ya 4: Linda kitu siku kinapotolewa

Hapa ndipo kesi inapozaliwa au kufa, na mgonjwa mwenyewe atakuwa amelala usingizi wa dawa. Lazima mtu mwingine apewe jukumu hili kabla ya siku yenyewe.

Ukiweza kuchagua, kitu kitolewe katika hospitali tofauti na ya kwanza. Hospitali iliyokosea ikikuahidi kukurekebisha bure, inakuwa imeshika kielelezo, faili na kalamu kwa wakati mmoja. Ila ikiwa ni dharura na hakuna pengine pa kwenda, fanyiwa palepale. Uhai kwanza.

Kabla ya upasuaji wa pili, mpe daktari mpasuaji barua yenye maombi manne:

- Kitu kipigwe picha kikiwa mahali kilipo kabla ya kuondolewa, na tena baada ya kuondolewa kikiwa kando ya rula.
- Maelezo ya upasuaji yataje aina ya kitu, ukubwa, mahali kilipokutwa, na madhara yaliyoonekana: usaha, utumbo uliotoboka, kiungo kilicholazimika kukatwa.
- Kiwekwe kwenye chombo chenye jina, tarehe, saa na jina la aliyekitoa.
- Kipelekwe maabara ya patholojia, yaani inayochunguza vitu na nyama zilizotolewa mwilini, na ripoti ieleze ni kitu gani.

Sababu ya ombi la mwisho ni hii: "donge lenye nyuzi" lililoandikwa haraka na daktari aliyechoka linaweza kubishaniwa. Ripoti ya patholojia inayosema ni kitambaa cha upasuaji, pamoja na kovu lililokizunguka, haibishaniwi kirahisi.

Kisha fuatilia mnyororo wa mikono. Nani alikipokea kutoka thieta? Nani alikipeleka maabara? Kiko wapi leo? Andika kila jina, tarehe na sahihi. Usikichukue nyumbani kwenye mfuko wa nailoni. Kinaoza, kinabeba vimelea, na upande wa pili utauliza ni nani ajuaye kama hukukiokota kwingine. Mahali pake ni maabara, chini ya barua ya wakili inayotaka kihifadhiwe hadi kesi iishe. Barua hiyo itumwe mapema, kwa sababu maabara huteketeza sampuli za zamani kwa utaratibu wao wa kawaida bila kukuuliza.

Kitu kikishatupwa, si lazima kesi imekufa. Picha za CT, maelezo ya upasuaji wa pili na ushahidi wa mdomo wa daktari aliyekitoa vinaweza kuibeba. Lakini mzigo umekuwa mzito mara tatu.

## Hatua ya 5: Tafuta ripoti ya mtaalamu huru

Mahakama za Kenya hukubali kanuni kwamba jambo lenyewe lajieleza: kitambaa hakiingii tumboni kwa bahati wakati mgonjwa amelala na chumba kizima kiko mikononi mwa wahudumu. Kanuni hiyo itajwe wazi kwenye hati ya madai. Lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu haielezi madhara. Hata hakimu akikubali kwamba kuacha kitambaa ni uzembe, bado atauliza: ni huo uliosababisha ugumba huu, au kuna ugonjwa mwingine?

Chagua daktari bingwa wa fani ileile: mambo ya uzazi yaende kwa bingwa wa uzazi, ya tumbo kwa mpasuaji wa tumbo. Asiwe mwajiriwa wa hospitali inayolalamikiwa. Mpe faili zote mbili, si simulizi tu. Ripoti yake ijibu:

- Utaratibu sahihi wa kuhesabu ulikuwa upi, na ulivunjwa wapi?
- Kitu hiki kingeweza kutoka kwenye upasuaji mwingine wowote wa mgonjwa huyu?
- Kimeleta madhara gani, na yapi ni ya kudumu?
- Matibabu gani yatahitajika mbele, na kwa gharama gani?

Swali la pili ndilo tundu ambalo wadaiwa hupenda kupitia. Mama aliyepasuliwa mara tatu katika hospitali tatu ataambiwa na kila moja "si sisi". Jibu hutokana na mahali kitu kilipokutwa, aina yake, tarehe za dalili, na picha zozote zilizopigwa kati ya upasuaji mmoja na mwingine. Kama huwezi kutenganisha, washtaki wote.

Mwombe pia daktari aliyekitoa kitu aandike taarifa ya ushahidi mapema na kuitia sahihi. Madaktari huhama, husafiri, hustaafu.

## Hatua ya 6: Peleka lalamiko kwa baraza la taaluma

Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno, KMPDC, husikiliza malalamiko dhidi ya madaktari na dhidi ya hospitali zenyewe. Muuguzi aliyehesabu yuko chini ya Baraza la Wauguzi la Kenya.

Baraza linaweza kuonya, kusimamisha leseni au kuifuta. Kazi yake ni nidhamu. Fidia kamili utaidai mahakamani. Lakini usiiruke hatua hii. Hospitali italazimika kujibu kwa maandishi, na majibu hayo huonyesha mapema watakachojitetea nacho. Uamuzi wa baraza kwamba kulikuwa na uzembe ni ushahidi mzito, ingawa haumfungi hakimu.

Andika lalamiko kwa mpangilio wa tarehe, ukurasa mmoja au mbili, bila matusi. Ambatisha nakala, kamwe si karatasi halisi. Nenda baraza na mahakamani kwa pamoja. Usisubiri moja liishe.

## Hatua ya 7: Wakili, barua ya madai, na karatasi usizotia sahihi

Tafuta wakili aliyewahi kuendesha kesi za uzembe wa kitabibu. Muulize kesi hizo ziliamuliwa vipi, na hakiki kama leseni yake ya mwaka huu ni hai. Mpate mkataba wa ada ulioandikwa.

Wakili akisema "hulipi kitu mpaka tushinde, kisha tunagawana", jua kwamba Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haiyatambui makubaliano ya malipo kwa sharti la ushindi. Mgogoro ukizuka kati yenu, karatasi hiyo haitakulinda. Asiye na uwezo aende kwa Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria chini ya sheria ya 2016, au aombe mahakama imruhusu kushtaki kama fukara, jambo linaloondoa ada za mahakama.

Wakili ataanza na barua ya madai inayotaja kilichotokea, sheria iliyovunjwa na muda wa kujibu. Kwa Serikali, sheria inataka notisi ya siku 30. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2012 kwamba sharti hilo linakwaza haki ya kufika mahakamani. Ipeleke hata hivyo. Haigharimu kitu, na inafunga mlango mmoja wa pingamizi.

Onyo: hospitali inaweza kukuita na kukupa pesa kidogo au matibabu ya bure, ikikutaka utie sahihi hati ya kuachilia madai yote. Maneno ya kuogopa ni "malipo kamili na ya mwisho". Ukishasaini, utumbo ukija kuziba mwaka ujao, ni juu yako. Usikubali kiasi chochote kabla ya ripoti ya mtaalamu kueleza madhara ya baadaye.

## Hatua ya 8: Piga hesabu ya fidia

Kuna mafungu mawili, na yana kanuni tofauti.

Hasara halisi ni pesa iliyokwisha kutoka: upasuaji wa pili, dawa, vipimo, nauli, mshahara uliopotea. Kila shilingi itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa karatasi. Ukidai 400,000 na risiti zikafika 265,000, utapata 265,000. Taarifa za M-Pesa na picha za simu ni ushahidi wa kielektroniki, na zinahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Bila cheti hicho zinaweza kukataliwa zote kwa pamoja.

Fidia ya jumla ni ya maumivu, mateso, ulemavu, uzazi uliopotea. Haina risiti. Hakimu huangalia kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana, kwa hiyo wakili ampe hukumu za karibuni zinazofanana kweli. Daftari lako la dalili lina kazi hapa: "mwezi wa Mei nililala chini kwa siku 19, sikuweza kumbeba mtoto" lina nguvu kuliko "niliumia sana".

Gharama za matibabu ya baadaye nazo zitajwe kwa kiasi na kuungwa mkono na ripoti. Hili husahaulika mara nyingi, na mahakama haiwezi kukupa usichoomba.

Mgonjwa akiwa amefariki, familia idai kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, na Sheria ya Ajali za Mauti, Sura ya 32. Madai ya mirathi yanahitaji hati ya usimamizi wa mali ya marehemu kabla ya kufungua kesi. Kesi iliyofunguliwa bila hati hiyo ni batili, na kuipata hati baadaye hakuifufui.

## Hatua ya 9: Fungua kesi na uisukume

Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza madai hadi shilingi milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

Taja wadaiwa kwa usahihi. Hospitali ya kaunti kwa kawaida hushtakiwa kwa jina la serikali ya kaunti, si jina lililo kwenye lango. Hospitali binafsi ishtakiwe kwa jina la kampuni au wadhamini waliosajiliwa. Daktari wa kuja na kuondoka ashtakiwe pamoja na hospitali, maana hospitali itadai kwamba hakuwa mwajiriwa wake.

Hati ya madai iende na hati ya kiapo inayoithibitisha, orodha ya mashahidi, taarifa zao zilizotiwa sahihi, na nakala za vielelezo. Hivi vyote huwasilishwa tangu mwanzo. Shahidi asiyeorodheshwa hupingwa.

Tarajia utetezi wa aina nne: muda umepita, hesabu ilikuwa sahihi, ilikuwa dharura, mgonjwa hakurudi kliniki. Hoja ya dharura ni ya kweli kiasi, kwa kuwa upasuaji wa haraka ni mojawapo ya hali zinazoongeza hatari ya kusahau vitu. Lakini hatari ikijulikana kuongezeka, uangalifu nao unapaswa kuongezeka. Ya kliniki jibu lake ni kadi zako za kurudi. Kama ulirudi mara tano ukapewa dawa za maumivu bila eksirei, huo ni uzembe wa pili, na utajwe kando.

Kesi ikikaa mwaka mzima bila hatua, mahakama inaweza kuifuta. Mpigie wakili kila mwezi na uandike tarehe aliyokupa. Mkipelekwa kwenye upatanishi ulio chini ya mahakama, nendeni na ripoti ya mtaalamu na hesabu kamili mkononi.

## Hatua ya 10: Kulipwa

Dhidi ya hospitali binafsi, hukumu hutekelezwa kama deni lolote, na mara nyingi anayelipa ni kampuni ya bima.

Dhidi ya Serikali au kaunti, huwezi kukamata magari wala akaunti. Wakili aombe cheti cha amri kutoka mahakamani, akikabidhi kwa afisa mhasibu, na wasipolipa aombe Mahakama Kuu imlazimishe afisa huyo binafsi. Akikaidi, anaweza kuitwa kujibu kwa kudharau mahakama. Kaunti hazilipi deni lisilokuwemo kwenye bajeti, kwa hiyo cheti kikabidhiwe mapema, kabla bajeti ya mwaka unaoanza Julai haijapitishwa.

## Kama upasuaji ulifanyika Tanzania

Hatua za kulinda kitu, faili na ripoti ni zilezile. Kwa Tanzania Bara, muda wa madai ya aina hii ni miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89.

Kwa hospitali ya umma, sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020, halmashauri na mashirika ya umma nayo yamo ndani ya utaratibu huu, shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Asipounganishwa, shauri lote huharibika.

Malalamiko ya nidhamu huenda Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa wauguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Siku 90 za notisi zihesabu ndani ya miaka yako mitatu: aliyebakiwa na miezi minne apeleke notisi wiki hii.